Nuru Iliyobaki

Wapiga picha wengi hufungasha kamera jua linapozama. Mimi naona hapo ndipo kazi ya kupiga sura ya mtu inapoanza, na hakuna mahali naliamini hilo kama Mukuyuni, huku Makueni, ambako mchana ni mkali na jioni ni fupi.

Hatufiki hata digrii 2 kusini mwa ikweta. Jua letu halijikokoti kando ya upeo kama linavyofanya Ulaya wakati wa kiangazi, hushuka wima. Novemba huzama kama saa kumi na mbili na robo, Februari hupita kidogo saa moja kasorobo, na baada ya hapo una dakika 20 na ushei tu kabla uso wa mtu haujapotea. Siku isiyo na mawingu, uwanja ulio wazi hupata laksi 400 hivi za mwangaza wakati wa machweo. Dakika hizo zikiisha, zimebaki kama 3. Nuru hupungua nusu, kisha nusu ya nusu, karibu kila baada ya dakika tatu. Anayepiga picha saa hii hawezi kuitegesha kamera mara moja akasahau: nyuso mbili tatu zikipita anafungua lenzi zaidi, anapunguza kasi ya shata, anapandisha ISO, huku akimtania aliye mbele yake ili mabega yasikakamae. Mikono inahesabu, ulimi unapiga soga. Nauheshimu sana ustadi huo.

Mbona ajisumbue? Kwa sababu ya ngozi. Jua la adhuhuri huchimba mashimo meusi chini ya nyusi na kuacha kipaji kiking'aa. Hata saa kumi na moja, jua likiwa limeinama, mtu hukunja macho. Likishazama, anga yote ya magharibi hugeuka taa moja kubwa na laini. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake hasa kwa mng'ao, na mng'ao hufuata ukubwa wa taa: taa ndogo huacha kitone cheupe puani, lakini anga pana hupitisha utepe mrefu wa nuru kutoka panjani, ukashuka shavuni hadi kwenye taya. Hapo ndipo unapoona kwamba weusi una rangi nyingi ndani yake, shaba na zambarau na kahawia iliyoiva.

Kamera yenyewe haijui haya. Kipimo chake kimeundwa kudhani kwamba dunia nzima ni kijivu cha wastani. Mtu akisimama na anga ing'aayo nyuma yake, kamera huilinda anga na kumzamisha mtu. Filamu nazo zilikuwa na upendeleo wao. Kwa miongo kadhaa maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na wengi wetu tukatoka vivuli vyenye meno. Ndiyo maana namtukuza Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948 akawa anawapiga watu picha uani, kwa nuru ya mchana, shuka yenye nakshi ikiwa pazia nyuma yao. Alijua kumweka mtu aipokee nuru, na nyuso zile hazikupotea. Programu za simu zinazochubua uso hadi mama mzazi asimtambue mwanawe hufanya kinyume chake. Sizitaki katika kazi hii.

Watu waliokuja kwenye ntheo, sherehe ya jadi ya ndoa ya Wakamba, au harusi hupenda kujipanga machweo yakiwa nyuma yao, maana ndiyo mandhari mazuri. Waombe wageuke waitazame magharibi. Wewe ndiwe utakayeipa mgongo. Watoe chini ya mwembe, kwa kuwa majani hutupa ukijani mashavuni, uwapeleke penye udongo mtupu. Udongo wetu mwekundu hurudisha joto kidogo chini ya kidevu, zawadi ambayo hakuna duka linaloiuza. Na taa ya veranda izimwe: manjano yake yakigongana na ubuluu wa anga, uso hugawanyika rangi mbili.

Ukoo mzima hupigwa kwanza, nuru ikiwa bado tele, kwa sababu safu tatu za watu zinataka lenzi iliyobanwa ili wa mbele na wa nyuma wote watoke wazi. Hufuata watoto, wasiotulia, wanaodai shata ya kasi. Kisha maharusi. Dakika za mwisho huwekewa mzee mmoja aliyeketi. Uso mmoja waweza kupigwa lenzi ikiwa wazi kabisa, na nyanya wa miaka 80 aliyezoea kutulia huistahimili hata shata ya sehemu moja ya 30 ya sekunde. "Mwaitu, niangalie hapa," namwambia, nikimwita mama kwa Kikamba, naye huinua kichwa bila haraka, anga yote ikiwa ndani ya macho yake.

Wajukuu hulalamika kwamba wao nimewaharakisha na yeye nimempa nuru iliyo bora. Ni kweli, nimempa.