Meza Inayojua Kuficha

Meza bora ya mtandaoni hujulikana kwa kile inachokificha. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, michezo ya kuigiza wahusika imesimama juu ya jambo moja: msimulizi anaijua dunia yote, wachezaji wanaigundua kipande kwa kipande. Programu inayohamishia michezo hiyo kwenye skrini, yaani meza ya mtandaoni, sharti kwanza iilinde siri hiyo.

Itazame Foundry Virtual Tabletop, iliyotoka mwaka 2020. Msimulizi huweka picha ya ramani, akachora kuta juu yake mstari kwa mstari, akatia milango. Kuanzia hapo kila mchezaji huona tu kile ambacho mhusika wake angekiona. Binadamu asiye na mwenge huzungukwa na giza. Mbilikimo, ambaye kanuni za mchezo humpa uwezo wa kuona gizani, humtambua adui aliyejibanza pembeni. Lazima amwonye mwenzake. Mafundi waliobuni kuta hizo zisizoonekana wamewapa wachezaji sababu ya kusemezana, na hiyo ndiyo roho ya mchezo wenyewe.

Kinachofuata ni uaminifu wa dadu. Kwenye Roll20, meza nyingine iliyoanza mwaka 2012, mchezaji huandika amri fupi ya kurusha dadu ya pande 20, na jibu likatokea mbele ya wote: dadu imetoa ngapi, nyongeza ni ngapi, jumla ni ngapi. Hakuna wa kumshuku mwenzake. Lakini msimulizi naye ana njia ya kurusha kwa siri, kwani mlinzi anapotega sikio mlangoni, wanaonyemelea hawapaswi kujua kama amewasikia.

Karatasi ya mhusika, yenye takwimu zake, nayo ijumlishe hesabu, huku ikimwachia msimulizi neno la mwisho. Gharama isimfukuze mtu: leseni ya Foundry hulipwa mara moja na msimulizi peke yake, wengine huingia kwa kivinjari bila kutoa senti.

Anayechagua meza achore chumba kimoja, mlango mmoja na mwenge mmoja, kisha awaite rafiki zake. Wakianza kubishana nani atangulie kuingia, amekwisha kuipata. Wakibaki kuulizana kitufe kipo wapi, aendelee kutafuta.