Tofauti za Chavua si Mabadiliko

Hivi karibuni nilipewa kusahihisha tafsiri ya somo la botania lililokusudiwa walimu wa sekondari. Kichwa chake kilisomeka: "Mabadiliko ya Muundo wa Chavua katika Aina Moja ya Kichaka". Maneno yote hayo ni Kiswahili safi, na karibu kila moja limekaa mahali pasipo pake.

Tuchukue mfano ulio mlangoni petu. Kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi huota Pemphis acidula, ambao baadhi ya wenyeji wa pwani huuita kilalamba kike. (Neno "kike" lisitudanganye: kila ua lake lina viungo vya kiume na vya kike pia.) D. Lewis na A. N. Rao waliuandika habari zake mwaka 1971. Mwaka 1977 ukachapishwa uchunguzi wa mimea ya Tanzania. Mmea mmoja huzaa maua ambayo kijiti kibebacho stigma ni kirefu. Jirani yake huzaa yenye kijiti kifupi. Kwa kawaida, katika mimea ya jinsi hii, chembe za chavua za ua la kijiti kifupi huwa kubwa kuliko za mwenziwe. Hakuna chembe iliyobadilika hapo. Mwanafunzi aliyesomeshwa "mabadiliko" ataandika katika mtihani kwamba chavua hukua kadiri ua linavyozeeka, na atanyimwa alama kwa kosa la mfasiri. Neno lifaalo ni "tofauti".

"Aina" limebebeshwa mzigo mzito zaidi. Ndani ya somo tunasoma: "aina hii ina aina mbili za chavua". Ni aina ipi ya mmea, na ipi ya chavua? Neno "spishi" tunalo. Kulikwepa kwa kuwa lina asili ya kigeni ni ukaidi tu.

Kuhusu "muundo", mfasiri amelitumia kwa ukubwa wa chembe, kwa umbo lake, na hata kwa michoro iliyo juu ya ganda lake la nje. Michoro hiyo ni nakshi. Fundi wa milango wa Lamu au Unguja hachanganyi nakshi na ubao.

"Kichaka" nalo, kwa msemaji wa kawaida, ni mahali palipososongamana miti midogo, pengine ya spishi kumi. Chavua ya kichaka itakuwa ya nani? Nimeandika pembeni "mmea wa kichaka", ingawa sijaridhika nalo.