Vyombo vya Marehemu

Riwaya ya Rebecca nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1994, mjini Tanga, miezi minane tu baada ya kuolewa. Mwalimu mwenzangu aliniazima nakala iliyokwisha poteza jalada, akaniambia, "Soma, dada, kitakusahaulisha ya nyumbani." Masikini, hakujua alilonipa. Mara ya pili ni mwaka jana, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwa asiyeifahamu, mwandishi wake ni Daphne du Maurier, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1989. Alianza kuiandika akiwa Alexandria, nchini Misri, alikokuwa na mumewe mwanajeshi, nayo ikachapishwa mwaka 1938. Msichana fukara, yatima, anafanya kazi ya kufuatana na mama mmoja tajiri huko Monte Carlo. Hapo anakutana na Maxim de Winter, bwana mgane aliyemzidi umri mara mbili. Wanaoana kwa haraka, kisha bwana anamchukua hadi Manderley, jumba la ukoo wake kando ya bahari. Bibi harusi anapofika anakuta nyumba ina mwenyewe, naye ni marehemu Rebecca, mke wa kwanza, ambaye inasemekana alikufa maji akiwa peke yake katika mashua yake.

Ndugu msomaji asitazamie mizimu. Hakuna mlango unaojifungua wala sauti ya usiku wa manane. Hofu yote ya kitabu hiki imejengwa kwa mambo ya kawaida ya nyumbani: chakula cha mchana kiwe nini, maua yawekwe wapi, simu inalia na anayetakiwa ni Bi de Winter, naye msichana anajibu kwamba Bi de Winter amekwisha kufa, akasahau kwamba jina hilo sasa ni lake. Anavaa koti la mvua la kuazima, mfukoni anakuta leso yenye herufi R. Anavunja pambo moja la thamani, na badala ya kusema anavificha vipande ndani ya mtoto wa meza, mpaka mtumishi anashukiwa wizi. Mwenye nyumba anaficha alichokivunja nyumbani kwake mwenyewe! Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikalia.

Maana mimi nami niliolewa na mgane. Marehemu aliacha binti wa miaka minne, na aliacha vyombo. Wanaoishi kwetu wanajua desturi: vyombo huazimwa kwenye shughuli, harusini na misibani, na ili visipotee mtu huvitia alama chini kwa rangi ya kucha. Vyombo vyote vya nyumba ile, sahani, mabakuli na masinia, vilikuwa na herufi Z nyekundu. Kila nilipoosha sahani nilikutana naye. Wifi yangu mkubwa, aliyekuwa akija kila Ijumaa, aliweza kuonja mchuzi wangu, akanyamaza, kisha akasema kwa upole, "Marehemu alikuwa akitia ndimu." Basi, hakuongeza neno. Nilipokutana na Mrs Danvers katika riwaya, yule msimamizi wa nyumba mwenye sura kavu na mavazi meusi, sikuhitaji kuelezwa alivyo.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Mrs Danvers ndiye kata ya Manderley. Chumba cha Rebecca amekitunza kama kilivyokuwa, burashi za nywele mezani, nguo ya kulalia kitandani, naye humshikisha mke mpya vitu hivyo kimoja kimoja. Humshauri avae katika karamu vazi ambalo Rebecca alilivaa kabla yake, ili mume ashtuke na kumfokea mbele ya watu. Kesho yake anamsimamisha dirishani, nje kumejaa ukungu, anamnong'oneza ajitupe. Sijasoma kurasa nyingi zinazoonyesha vizuri kama hizo jinsi mtu anavyoweza kusukumwa bila kuguswa.

Hapa sina budi kuutoboa mwisho, na asiyetaka kuujua aruke aya hii na ifuatayo. Mashua inapatikana chini ya bahari ikiwa na maiti ndani, na Maxim anamkiri mkewe kwamba Rebecca hakufa maji. Alimpiga risasi yeye mwenyewe. Anasema alikuwa mwanamke mwovu, mzinzi, aliyemtania kwamba angemzalia mtoto wa mwanamume mwingine. Na yule msichana anafanya nini? Anafurahi. Katika maungamo yote hayo analisikia neno moja tu, kwamba mumewe hakumpenda Rebecca hata siku moja. Tangu hapo anakuwa mtu mzima, jasiri, anasimama na mumewe mpaka uchunguzi unakwisha na bwana anaponyoka.

Mwaka 1994 nilifurahi pamoja naye. Nilisoma usiku mzima nikiomba muuaji asikamatwe. Mwaka jana nilipofika hapo nilitahayari. Nilijiuliza: habari hizi za uovu wa Rebecca amezileta nani? Mume aliyemuua, na hata wengine wanaomsema, kila mmoja ana lake moyoni. Rebecca mwenyewe hapati mahali pa kujieleza. Baadaye daktari wa London anafichua kwamba hakuwa na mimba, bali alikuwa na saratani ambayo ingemuua katika miezi michache. Na hata habari hiyo inapokewa na wahusika kama nafuu, kwa kuwa inamwokoa Maxim. Hakuna anayemwonea huruma mgonjwa. Nadhani hapo ndipo ulipo ustadi mkubwa wa du Maurier: alituongoza taratibu kwa njia ya huruma kwa msichana mnyonge, mpaka tukajikuta tumesimama upande wa muuaji, tena kwa hiari yetu.

Alfred Hitchcock alipoitengeneza filamu mwaka 1940, kanuni za sinema za Marekani hazikuruhusu mume aue mke na asiadhibiwe, kwa hiyo katika filamu Rebecca anaanguka na kufa kwa ajali. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, lakini kwa maoni yangu badiliko hilo liliing'oa riwaya jino lake. Riwaya nayo ina udhaifu. Theluthi ya mwisho inageuka habari ya upelelezi, watu wanapanda na kushuka magari, na ile hofu tulivu ya vyumbani inapungua. Watumishi pia, ukimtoa Mrs Danvers, ni kama samani za nyumba.

Sasa nieleze sababu ya kukirudia kitabu. Mwaka jana binti yetu, yule wa miaka minne, alijifungua mtoto wa kike akampa jina la marehemu mama yake. Nilitabasamu mbele za watu, lakini moyoni nilichomwa, baada ya miaka yote ile. Siku ya arobaini akaniuliza, "Mama mdogo, hivi mama alikuwa mtu wa namna gani?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikupata kuuliza. Mwaka ule wa 1994 nilikuwa nimezikwangua zile herufi kwa wembe, usiku, sahani moja baada ya nyingine, na picha yake nikaifungia sandukuni. Manderley iliteketea kwa moto. Mimi nilitumia wembe.

Nilikwenda kwa wifi, sasa ni bibi kizee, nikamuuliza. Alicheka. Akaniambia marehemu aliunguza wali mara kwa mara, aliogopa paka, na alitia alama vyombo kwa sababu msiba mmoja ulimpotezea sahani kumi na mbili. Nikamkumbusha ile ndimu. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Nilikuwa nakufundisha tu, wifi yangu. Kaka anapenda ndimu."

Hayo yote nimemwandikia binti. Picha iko ukutani kwake. Kitabu nacho nimempa, nikamshauri akisome mara mbili, na mara ya pili ajaribu kumsikiliza yule asiyesema.