Mwimbaji na Nchi ya Dhuluma

Husemwa kuwa muziki hauna mipaka. Neno hili ni tamu, lakini si kila tamu ni kweli. Sauti huvuka mpaka bure. Mwimbaji huvuka kwa hati, hupokewa, hulipwa, na jina lake huwa pambo la waliomwalika. Je, yampasa kuimba katika nchi inayodhulumu watu wake? Tuipime hoja hii, msomaji, kwa mambo yaliyotokea Afrika ya Kusini.

Mwaka 1960 serikali ya ubaguzi ilimfutia Miriam Makeba pasi yake, asiweze kurudi kwao. Huyu ndiye aliyeimba “Malaika”, wimbo wa Kiswahili, ukasikika ulimwenguni. Mwaka 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yakate maingiliano ya utamaduni na serikali ile. Mwaka 1980 liliwasihi wanamuziki wenyewe waisusie. Wako wasiosikia. Katika Sun City, mahali pa anasa palipojengwa Bophuthatswana, nchi ya kubuniwa na wabaguzi, aliimba Frank Sinatra mwaka 1981 na kundi la Queen mwaka 1984. Hao utetezi wao ni mwepesi, kwani waliipamba nchi ya bandia kwa majina yao ya kweli.

Shauri la Paul Simon ni gumu zaidi. Mwaka 1985 alikwenda Johannesburg, si kutumbuiza, bali kunasa sauti pamoja na wapigaji Waafrika. Santuri yake, Graceland, ilitoka mwaka 1986. Ni kazi njema: magitaa yake yanacheka, na waimbaji wa Ladysmith Black Mambazo hutanda kama ukungu wa alfajiri, wakipanda na kushuka pamoja. Kwa santuri hiyo watu wa mbali waliwajua mafundi ambao ubaguzi uliwaficha. Watetezi wake huuliza: kumsusia aliyedhulumiwa si kumwadhibu mara mbili?

Swali hili lina uzito, wala tusilipuuze. Lakini uzuri wa kazi hauthibitishi uzuri wa njia. Simon hakuomba ridhaa ya chama cha ANC, kilichopigania haki za wenyeji na kuutaka mgomo ule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgomo ukitobolewa na kila mwenye nia njema, mwenye nia mbaya hupita katika tundu lilo hilo.

Hata hivyo wadhulumiwa wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1987 Makeba na Hugh Masekela, wote wawili wakiwa uhamishoni, walifuatana na Simon kuziimba nyimbo hizo, hata Harare, jirani na nchi yao. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Simon alikosa kwa kutouliza, lakini kosa lake halilingani na la waliokwenda Sun City. Yeye aliwatoa wenyeji nje wakasikika. Wao walikwenda kusikiwa wenyewe.

Nawe, msomaji, utakapoulizwa habari ya nchi nyingine, usikimbilie kusema ndiyo au la. Uliza mambo matatu: ni nani aliyeomba mgomo, ni nani atakayefaidi wimbo, na ni nani atakayenyamazishwa? Sanaa ni huru, lakini msanii hukaa miongoni mwa watu, na uhuru wake haumwondolei wajibu wa kuwasikiliza wanaolia.