Mvinyo wa Khayyam na Vidaka vya Pate: Suala la Ujumi katika Uhakiki wa Shaaban Robert

Uhakiki wa Shaaban Robert umesimama kwa muda mrefu juu ya nguzo moja: adili. Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) zimeiimarisha nguzo hiyo kiasi kwamba Omar Khayyam kwa Kiswahili (1952) hutajwa tu katika orodha ya kazi zake, kisha huachwa. Ukimya huo si wa bahati mbaya. Kitabu hicho hakiingii katika sura ya mwandishi-mwalimu iliyokwisha kuchorwa.

Tafsiri hiyo haikutoka Nishapur moja kwa moja. Ilipitia kwa Edward FitzGerald, ambaye matini yake ya Kiingereza ilichapishwa London mwaka 1859, ikakosa wanunuzi na kuuzwa kwa bei ya kutupa, hadi Rossetti na Swinburne walipoikuta mwaka 1861. Swinburne aliazima umbo la ubeti wake katika Laus Veneris (1866). Kuanzia hapo Khayyam wa Kiingereza akawa mali ya wanaujumi, waliodai kuwa sanaa haidaiwi funzo. Walter Pater alipoutetea mtazamo wa namna hiyo mwaka 1873, lawama zilimfanya aliondoe hitimisho la kitabu chake katika toleo la 1877. Kwa hiyo mtumishi wa serikali aliyewahi kufanya kazi Mpwapwa, katika Jimbo la Kati lililojumuisha pia Singida, alikipa Kiswahili mojawapo ya matini zilizopendwa mno na harakati hiyo. Hilo linastahili zaidi ya tanbihi.

Je, Kiswahili kilikuwa kigeni kwa ujumi huo? Al-Inkishafi inatoa jibu lenye utata. Kwa FitzGerald, simba na mjusi wamerithi kumbi za Jamshid. Kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, makinda ya ndege yamelala katika vidaka vya Pate vilivyokuwa na sahani za kauri. Taswira ni ndugu, mahitimisho ni mahasimu: Khayyam wa FitzGerald anayatazama magofu na kuagiza kikombe kingine, ilhali mshairi wa Pate anauonya moyo wake na kuupeleka hadi kwenye jahanamu. Hata hivyo, msomaji makini hawezi kukana kwamba mshairi huyo anakawia kwenye taa, kauri na sauti za watumishi kwa muda mrefu kuliko onyo linavyohitaji. Uzuri unaooza unampendeza hata anapoukemea, na mvuto huo ndio uliokuja kuitwa dekadensi huko Ulaya.

Upo utetezi wa kisufi. J. B. Nicolas, katika tafsiri yake ya Kifaransa ya 1867, aliufasiri mvinyo kuwa ishara ya mapenzi ya Mungu. FitzGerald alimpinga katika toleo lake la pili, 1868. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kuona nafuu kuufuata mkondo wa Nicolas, hasa mahali ambapo tarika zimeota mizizi. Lakini nafuu hiyo humrudisha Shaaban Robert kwenye nguzo ile ile ya adili kabla matini haijasomwa.

Kiini cha tatizo ni jozi ya fani na maudhui. Katika madarasa ya sekondari, Singida kama kwingineko nchini, fani hufundishwa kuwa chombo na maudhui kuwa kinachobebwa. Baada ya Azimio la Arusha (1967) mgawanyo huo ulikuwa na sababu zake za kihistoria, na uliisaidia fasihi kuulizwa inamtumikia nani. Lakini haumpi mwanafunzi msamiati wa kueleza kwa nini kidaka chenye makinda kinabaki akilini baada ya onyo kusahaulika. Akiulizwa dhamira ya rubai, ataandika “ulevi” au “mauti”, apate alama, naye hatakuwa amegusa kile kilichomfanya Shaaban Robert aifasiri.