Kioo Nacho Huoza

Wengi wetu hudhani kioo hakiozi. Mbao huliwa na mchwa, chuma hushikwa na kutu, lakini kioo, twaamini, ama ni kizima ama kimevunjika. Sivyo. Vichupa vya marashi vya Warumi, vilivyolala udongoni kwa karne nyingi, hufukuliwa vikimeremeta kijani, zambarau na dhahabu. Rangi hizo hazikutiwa na fundi. Unyevu wa ardhi uliyanyonya magadi yaliyomo katika kioo, ukaacha tabaka nyembamba sana, na mwanga ukizipiga hucheza kama juu ya povu la sabuni. Tabaka hizo hubanduka kama magamba. Basi, ndugu msomaji, tunachokisifu ni kioo kinachotoweka kidogo kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19, Louis Comfort Tiffany wa New York aliutamani mng'aro huo. Mwaka 1894 alisajili jina la Favrile kwa kioo chake. Katika karakana yake, kioo kingali cha moto kilipuliziwa chumvi za madini, na kazi iliyoichukua ardhi karne nyingi ikamalizika papo hapo. Vyombo vile ni vizuri, na ufundi wake hauna shaka. Hata hivyo, nionavyo mimi, ni kama mvi zilizopakwa kichwani pa kijana. Tiffany alichukua rangi ya uozo, akauacha uozo wenyewe.

Ukweli zaidi nauona kwa Mfaransa Marcel Duchamp. Kazi yake kubwa ya kioo, aliyoiacha bila kuimaliza mwaka 1923, ilipasuka safarini baada ya maonyesho ya Brooklyn yaliyoanza mwaka 1926. Mwaka 1936 aliviunganisha vipande vyake kwa subira. Nyufa zimo hadi leo, huko Philadelphia, zikikatiza mchoro mzima. Ni kweli, kupasuka si kuoza. Lakini hapa msanii hakuiga madhara. Aliyapokea yalipomfika, akayaacha yaonekane.

Sanaa haikatazwi kuiga, na fundi ana haki ya kujifunza hata kwa udongo. Ila chombo cha Tiffany chatuahidi uzuri usiopotea, ilhali kichupa cha Mrumi chatuonyesha uzuri na kupotea vikiwa kitu kimoja. Mimi najifunza zaidi kwa hicho cha pili, ambacho mwenye kukishika hana budi kukishika taratibu.