Kijahazi Mezani kwa Waamuzi: Nani Apewe Daraja ya Ufundi?

Anayeingia leo katika karakana ya vyombo kando ya khori ya Sur atakuta vijahazi vya mfano vingi kuliko majahazi. Chombo kikubwa huundwa kwa nadra. Vijahazi havikatiki, kuanzia vya kukaa kiganjani hadi vya urefu wa dhiraa mbili. Hatulisemi hili kwa kulia. Tezo ikipungua ukubwa haimaanishi kuwa mkono umepungua maarifa. Lililotushughulisha ni jingine: mifano hii sasa inapelekwa mezani kwa waamuzi, inapewa vyeti na tuzo, na aliyeitengeneza anatangazwa kuwa fundi wa daraja fulani. Je, waamuzi wanaamua nini?

Tunauliza kwa kuwa tumewahi kukaa kwenye meza hiyo. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kuingia katika jopo dogo la watu wa kujitolea, lisilo la serikali, kutazama mifano ya vyombo. Mifano miwili ilibaki mwisho. Wa kwanza ulikuwa unang'aa kama sinia ya arusi: vanishi tabaka juu ya tabaka, nanga ya shaba, matanga meupe yaliyopigwa pasi, na jina la chombo limeandikwa nyuma kwa khati ya thuluthi safi kabisa. Wa pili ulikuwa mkavu. Mbao zake zilipakwa mafuta tu, kamba zake zilikuwa za rangi ya kamba, na ukichungulia ndani uliona mataruma, yaani mbavu za chombo, hayalingani: moja nene, moja jembamba, jingine limekaa upande kidogo. Mwenzetu mmoja alileta rula. Akapima nafasi baina ya taruma na taruma, akaandika: "Haikupangwa vizuri." Wa kwanza ukashinda, na mkono wetu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Sisi ni watu wa makaratasi. Khati ile ilitulewesha.

Sasa tuukosoe uamuzi ule kama tunavyokosoa kitabu.

Mfano wa kwanza uliitwa ghanja. Ghanja, kama wajuavyo watu wa Sur, hutambulika kwa mambo mawili: gubeti lake la mbele limepinda na kuishia kwa kichwa kilichochongwa mfano wa jani lenye ncha tatu, na shetri yake ya nyuma ni pana, bapa, yenye nakshi. Bumu ni kinyume chake: limechongoka mbele na nyuma, na gubeti lake limenyooka kama mkuki uliolala. Mfano ule ulikuwa na shetri ya ghanja na gubeti la bumu. Chombo kama hicho hakikupata kuwepo baharini. Ni kama mtu aandike wasifu wa imamu mmoja, kisha ampe baba wa imamu mwingine. Mzee wetu mmoja wa Ibra, aliyesafiri kwenda Unguja kwa kaskazi angali kijana, alikuwa akitwambia kuwa vyombo vilivyotia nanga Forodhani waliviita kwa aina zao kwa kutazama gubeti tu, jina lenyewe likiwa bado halisomeki. Mzee huyo hakusoma vyuo viwili kama sisi, lakini asingeinua mkono.

Tena mlingoti wake ulisimama wima kama wa bendera. Mlingoti wa vyombo vyetu huinamia mbele. Foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, huning'inia kwenye mlingoti huo, na chombo kinapogeuza upande, foromali lazima ipitishwe mbele ya mlingoti. Kuinama kule kunaipa nafasi. Aliyeusimamisha wima alikuwa ameona picha, hakuona kazi.

Na mataruma ya mfano wa pili? Hapa ndipo tulipokosea zaidi, maana tulihesabu kuwa ni aibu kile kilichokuwa ushahidi. Ulaya ya karne za karibuni chombo cha mbao kilianza kwa mifupa: mbavu zilichorwa kwenye karatasi, zikakatwa, zikasimamishwa, kisha mbao zikavishwa juu. Mafundi wetu walianza kwa ngozi. Fundi wa Sur hakuwa na karatasi. Alilaza mkuku, akasimamisha gubeti na mti wa nyuma, akapandisha mbao za kwanza kwa jicho, na ndani ya umbo hilo akatia mataruma, kila moja likichaguliwa katika tawi lililopinda kwa asili kulingana na mahali litakapokaa. Matawi hayafanani, kwa hiyo mataruma hayafanani. Mtu akikuonyesha ghanja yenye mbavu sawasawa kama meno ya kitana, ujue ameunda chombo cha kizungu akakivisha kanzu.

Fundi wa mfano wa pili alikuwa amefuata utaratibu wa kwao hatua kwa hatua, kwa udogo. Matundu ya misumari aliyatoboa kwanza kwa keekee ndogo ya upinde. Tulipomuuliza kipimo chake, kwani fomu ilikuwa na mstari wa kipimo, alijibu: "Wanda kwa dhiraa." Mwandishi wa jopo hakujua la kuandika, akaacha wazi, na fundi akapoteza alama za mstari ule. Lakini dhiraa ya hesabu zetu za kale ina wanda 24. Fundi alikuwa amesema, kwa lugha ya kazi yake, moja kwa ishirini na nne. Kwa kipimo hicho chombo cha mita 20 kinakuwa na urefu wa sentimita 83 hivi, na ndivyo ulivyokuwa. Alikuwa na kipimo sahihi kuliko mtu yeyote aliyekuwamo chumbani.

Jambo la kupima udogo kwa waamuzi si geni duniani. Marekani kipo chama, International Guild of Miniature Artisans, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Fundi hupeleka kazi zake zikakaguliwa. Zikikubalika hupewa daraja la Artisan, na juu yake liko la Fellow. Kipimo kilichozoeleka kwao ni inchi moja kwa futi moja. Tunaupenda utaratibu huu, kwa kuwa unamtaka fundi athibitishe kazi na si jina la ukoo. Lakini sehemu kubwa ya kazi zao ni viti, makabati, vyombo vya nyumbani, ambavyo asili zake zimejaa majumbani na katika makumbusho. Mwamuzi akitilia shaka saraka ndogo, ataivuta aone kama inafunguka, kisha ataikumbuka ya kwao. Sisi tuna ghanja ngapi za kukumbuka?

Sur iko Fatah al-Khair, iliyoundwa hapo hapo mwaka 1951, ikauzwa, ikaishia Yemen, mpaka wenyeji walipochangishana wakainunua na kuirudisha mwaka 1993. Sasa imekaa nchi kavu, karibu na mahali ilipozaliwa. Huyo ndiye shahidi wetu mkubwa. Jopo letu lilikutana umbali wa mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, na hakuna aliyependekeza twende tukatazame kabla ya kupiga kura.

(Vyombo vya Sur, tukumbushe kwa kupita, vimewahi kupata majaji waliosoma zaidi yetu. Mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi ya The Hague iliamua baina ya Uingereza na Ufaransa ni majahazi gani ya raia wa Maskati yaliyokuwa na haki ya kupeperusha bendera ya Kifaransa, na ya Sur ndiyo yaliyokuwa kiini cha mzozo. Angalau majaji wale walidai kuona karatasi za chombo.)

Anayedhani tunakuza jambo dogo na autazame mtepe. Chombo kile cha pwani ya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, chenye tanga la mkeka, kilitoweka katika bahari zetu kabla karne ya 20 haijafika nusu. Anayetaka kukijua leo hana pa kupanda. Ana maelezo ya wasafiri, ana picha chache, na ana mifano, ikiwamo iliyohifadhiwa Lamu na Mombasa. Wataalamu huinama juu ya mifano hiyo wakihesabu mishono. Kila mahali ambapo fundi wa mfano alifanya kama alivyoona, tumepata elimu. Kila mahali alipopamba, tumepotezwa, na hatuna wa kumuuliza. Tangu wakati huo mfano hauwi tena pambo. Umekuwa waraka, na waraka una wa kweli na wa kughushi.

Ushonaji wenyewe ulikwisha adimika hata Oman. Tim Severin alipotaka kuunda Sohar huko Sur mwaka 1980, chombo cha kushonwa kilichoondoka Novemba mwaka huo na kufika Canton Julai 1981, washonaji ilibidi watafutwe visiwa vya Lakshadweep vya India. Maseremala Sur walikuwepo; waliokosekana ni wale wa kamba. Mtu anayeshona leo kijahazi cha dhiraa moja kwa mshono wa kweli ana kitu ambacho miaka 40 na zaidi iliyopita kilibidi kisafirishwe kuvuka bahari, na jopo likimpima kwa mng'aro wa vanishi litamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Tutajibiwa kuwa fundi ana watoto, na mgeni anayenunua kijahazi hataki mbavu, anataka kung'aa. Ni kweli. Sokoni Nizwa huuzwa jambia ndogo za kutundika ukutani, nyingine hata hazichomoki alani, na anayeziuza hamdanganyi mtu, kwani mnunuzi anajua anachukua kumbukumbu ya safari. Lakini hakuna Mnizwa atakayeipeleka ile mbele ya wazee aitwe hodari wa jambia. Na jambia ya Sur, ambayo kwa asili ni ndogo na nyepesi kuliko ya Nizwa, si mfano wa kitu. Ni jambia kamili, inavaliwa arusini. Watu wa Dakhiliyah na Sharqiyah wanaijua tofauti baina ya kidogo na cha kuigiza bila kufundishwa. UNESCO ilipouorodhesha ufundi wa jambia ya Oman mwaka 2022, iliorodhesha ujuzi na ada zake, haikuorodhesha kipande cha fedha. Kwa nini vijahazi vikose heshima hiyo hiyo?

Dola yenyewe ilikwisha fungua mlango: tangu 2003 ilipoundwa mamlaka ya sanaa za ufundi, na tuzo ya umahiri ikabeba jina la Sultan Qaboos, kazi ya mkono ilipanda hadhi ambayo wazee wetu hawakuiota. Tunachokidai ni kuhusu fomu. Urembo na upewe zawadi yake, na iitwe hivyo, zawadi ya urembo. Daraja ya ufundi iwe mbali. Kwa daraja hiyo fundi aulizwe ni chombo gani, cha bandari gani, alijifunza kwa nani, alianza na ubao upi. Aache upande mmoja wa chombo haujafunikwa, ili ndani paonekane. Kipimo akiseme kwa lugha yake, na jopo ndilo litafute hesabu. Na katika kila jopo akae angalau mtu mmoja aliyewahi kukalafati chombo kikubwa, hata kama hajui kusoma fomu, sisi tutamsomea.

Fundi wa mfano wa pili hakusema neno siku ile. Alifunga chombo chake katika shuka, akakipakia nyuma ya gari la nduguye, akaenda zake. Tumeulizia habari zake mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa haundi tena, macho yamechoka. Mara ya pili alipokea simu mwanawe, akatueleza kuwa wajukuu wameuvunja mlingoti, lakini ndani ni kama ulivyokuwa. Tumemuomba turuhusiwe kwenda baada ya Idi, na kamera na daftari, tukayahesabu mataruma yale moja moja, na kuuliza kila tawi lilitoka mti gani. Amesema atamuuliza mzee.